Masale na Kufuli: Ulinzi wa Mtandao wa Nyumbani kwa Katibu

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Kibosho)



Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na KNCU ilipokirithi mwaka 1933, mali ya ushirika ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Kahawa ilikuwa ghalani, mizani ilining'inia mahali pake, fedha zilikuwa sandukuni, na daftari la wanachama lilikuwa chini ya mkono wa katibu. Mwizi wa daftari hakuwa na budi kuvunja mlango, kulibeba kwapani na kupita nalo njiani mbele ya watu.

Siku hizi daftari hilo, katika vyama vingi, limo ndani ya kompyuta mpakato na ndani ya simu ya katibu. Humo mna majina ya wanachama, namba zao za simu, kilo walizoleta, malipo ya awali waliyopata na malipo ya pili wanayosubiri. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kwa kifupi kama MUVU, ambamo taarifa za vyama huingizwa kwa njia ya mtandao. Katibu aliyeshinda ghalani akipokea kahawa kutoka asubuhi hadi jioni hana saa nyingine ya kufanya kazi hiyo ila usiku, nyumbani kwake, watoto wakisha kulala, akitumia waifai ya sebuleni. Kwa maneno mengine, ofisi ya chama imehamia sebuleni bila ya mkutano wowote kuliamua jambo hilo, na wala hakuna aliyeuliza kama sebule hiyo ina kufuli.

Mazungumzo haya yanahusu kufuli hilo: lipo wapi, hutengenezwaje, na ni mambo gani ambayo watu huyadhania kuwa kufuli, kumbe si kufuli.

Yafaa kwanza kufahamu tabia ya kitu chenyewe. Rauta, iwe ile kubwa inayokaa mezani au ile ndogo ya mfukoni yenye laini ndani yake, hutoa mawimbi ya redio pande zote. Mawimbi hayo hayajui mpaka wa kihamba. Ukuta wa tofali huyapunguza nguvu, na migomba pia huyapunguza, kwa kuwa imejaa maji. Lakini kupunguza si kuzuia. Na Kibosho, kama kila mtu ajuavyo, nyumba zimekaribiana mno. Kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana, wana nao wamewagawia wana wao, hata mlango wa huyu unatazama jiko la yule. Mtandao wa katibu husomeka katika simu ya jirani, katika banda la duka lililo kando ya njia, na kwa kijana aliyeketi ukingoni mwa mfongo akichunga mbuzi. Kuuona mtandao si kosa, wala si hatari. Hatari huanzia mtu anapoweza kuuingia.

Hasara ya kwanza ni ndogo na huonekana upesi: bando huisha kabla ya wakati wake. Bando lililonunuliwa kwa mwezi likakatika siku ya 12 ni ishara ya kuchunguzwa, ingawa mara nyingine mlaji ni mtoto wa nyumbani anayetazama mpira, na si mgeni yeyote.

Hasara ya pili ni lawama. Tangu mwaka 2020 kila laini ya simu nchini Tanzania inapaswa kuwa imesajiliwa kwa alama za vidole. Uhalifu ukitendwa kupitia laini iliyomo ndani ya rauta, jina litakalotokea mbele ya wapelelezi ni la aliyesajili laini hiyo. Huenda hatimaye atathibitisha kuwa siye, lakini mtu hapendi kutumia wiki nzima mjini Moshi akieleza kwamba waifai yake ilikuwa wazi.

Hasara ya tatu ndiyo inayokihusu chama, nayo inahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo. Orodha ya wanachama na fedha wanazodai si karatasi ya kawaida. Tapeli wa simu wa siku zote hubahatisha: hutuma ujumbe kwa watu elfu akiwaambia watume ile hela kwa namba hii, akitumaini kwamba mmoja kati yao atakuwa alikuwa karibu kutuma hela. Watu wamekwisha kumzoea, na wengi hucheka na kufuta. Lakini tapeli mwenye orodha ya chama habahatishi. Humpigia mama mzee kwa jina lake kamili, humtajia kilo za kahawa alizopeleka, humtajia kiasi cha malipo yake ya pili hadi shilingi ya mwisho, kisha humwambia kwamba malipo hayo yamekwama, na ili yatoke inampasa ataje namba yake ya siri. Mama huyo atamshukuru kwa msaada. Ni nani mwingine angeweza kujua kilo zake isipokuwa chama? Fedha zitakapokuwa zimekwenda, atakayeulizwa ni katibu, na jibu lolote atakalotoa litasikika kama jibu la mtu aliyekula njama.

Hapa hapana budi kusema ukweli bila ya kutia chumvi. Mtu aliyeingia katika waifai ya katibu haoni papo hapo kila kinachoandikwa katika kompyuta yake. Tovuti ambazo anwani zake huanza kwa https, zikiwamo za benki, hufunga mazungumzo yake kwa fumbo lake zenyewe, na mpita njia haoni ndani. Anachoweza kukifikia ni vile vitu vilivyoachwa wazi ndani ya nyumba: folda ambalo kompyuta imeruhusiwa kulishiriki na vifaa vingine, printa, kamera ya uani, simu kuukuu ambayo programu zake hazijasasishwa kwa miaka mitano. Na juu ya yote anaweza kuifikia rauta yenyewe.

Jambo hili ndilo lisilojulikana na wengi, kwamba rauta ina maneno mawili ya siri, wala si moja. La kwanza ni lile ambalo kila mgeni huliuliza, la kuingilia waifai. La pili ni la kuingilia katika mipangilio ya rauta, pale ambapo mwenye nyumba huweka sheria za mtandao wake. La kwanza ni ufunguo wa mlango wa mbele; la pili ni ufunguo wa chumba ambamo funguo nyingine zote hutengenezwa. Katika rauta nyingi za zamani neno hilo la pili lilitoka kiwandani likiwa admin, na jina la mtumiaji likiwa admin vilevile, na watu waliziacha hivyo. Aliyeingia humo anaweza kubadili kitu kimoja kidogo sana: mahali ambapo rauta huuliza njia ya kwenda katika tovuti. Tangu hapo, katibu akiandika anwani ya benki anaweza kupelekwa kwenye ukurasa ulioigwa, wenye nembo na rangi zilezile, na humo ataandika siri zake kwa mkono wake mwenyewe. Pengine kompyuta itamwonya kwamba ukurasa huo una walakini, lakini katibu aliyechoka saa tano ya usiku hubonyeza kitufe cha kuendelea.

Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha kahawa, iliyapata mambo hayo kwa wingi wa kutisha. Katika miaka ya 2011 na 2012, modemu zipatazo milioni 4.5 zilibadilishwa njia kwa namna hiyohiyo, na wenye nyumba wakapelekwa kwenye kurasa za uongo bila ya wao kugusa chochote. Kule kosa lilikuwa pia la watengenezaji: programu iliyomo ndani ya modemu ilikuwa na ufa, na hata aliyekuwa na neno gumu la siri aliweza kuingiliwa. Miaka minne baadaye, mwezi Oktoba 2016, ikawa zamu ya waliozembea wenyewe. Programu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani, jozi zipatazo 60 tu, na kwa jozi hizo chache ikateka kamera na rauta kwa malaki. Jeshi hilo la vifaa vya watu wasio na habari lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata tovuti mashuhuri, Twitter ikiwa mojawapo, zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya katibu anayetaka sebule yake iwe na kufuli ni kuifungua mipangilio ya rauta kwa kompyuta au simu iliyoungwa nayo. Anwani ya kuingilia imeandikwa katika kibandiko kilicho chini ya rauta, na katika nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana na hiyo. Abadili neno la siri la mipangilio kabla ya kugusa jambo jingine lolote, kisha atafute mahali pa kusasisha programu ya ndani ya rauta na kuruhusu masasisho. Hili la pili hupuuzwa kwa kuwa halionekani, lakini ndilo linaloziba nyufa kama zile za Brazil. Rauta ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea masasisho ni kama paa lenye kutu: litahimili kiangazi, wala halifai kungojewa hadi masika.

Baada ya hapo ndipo aje kwenye neno la siri la waifai yenyewe.

Watu wengi huweka namba ya simu, kwa sababu haisahauliki. Yafaa ihesabiwe. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu 10, na mbili za kwanza ni 06 au 07. Zimebaki 8 tu za kubahatishwa, yaani namba milioni 200 kwa jumla. Idadi hiyo ni kubwa kwa binadamu mwenye kalamu, lakini mvunjaji wa mtandao habahatishi akiwa amesimama mlangoni. Huyanasa mawimbi wakati simu moja inapoungana na rauta, huyahifadhi, huenda zake, kisha huyapeleka kwenye mashine yake ambayo hujaribu maneno laki kadhaa kwa sekunde. Kwa mashine ya namna hiyo namba zote za simu za nchi nzima ni kazi isiyofika saa moja. Jina la mtoto likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa ni kazi fupi zaidi. Na Kibosho123 ni neno ambalo hata jirani asiye na mashine atalijaribu kabla ya chai.

Njia iliyo bora ni maneno ya kawaida, yasiyohusiana, yakiwa mengi. Mfumo wa WPA2 hupokea kuanzia herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Katibu achukue Kamusi ya Kiswahili Sanifu, afumbe macho, aifungue popote, aweke kidole, na aandike neno lililoguswa. Afanye hivyo mara tano. Huenda akapata kinu, tarumbeta, soksi, mvua na gogo. (Hayo matano yasitumiwe na mtu, kwa kuwa yamekwisha kuchapishwa hapa.) Hata kama kamusi ingekuwa na maneno 10,000 tu, namna za kuyapanga matano kati yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 20; na mashine inayojaribu milioni 1 kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka milioni 3 kuzimaliza. Na bado mtoto wa darasa la nne anaweza kuyakariri maneno hayo na kuyacheka. Sharti lake ni moja: bahati ndiyo ichague. Mtu akichagua kwa akili yake mwenyewe ataandika kahawa, Kilimanjaro, mlima, ndizi na mbege, kama angelivyofanya kila mtu wa upande huu.

Kuhusu aina ya fumbo, habari ni fupi. WEP, iliyotoka mwaka 1997, ilionyeshwa na wataalamu kuwa dhaifu mwaka 2001, na rauta inayoijua hiyo tu itolewe kazini. WPA2 ya mwaka 2004 ingali inafaa pale neno la siri linapokuwa refu. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, ni bora zaidi, kwani mnasaji wa mawimbi hawezi kwenda kubahatisha nyumbani kwake. Ikiwapo katika rauta, ichaguliwe. Na kile kitufe cha WPS, kinachounganisha vifaa kwa haraka, kina namba ya tarakimu 8 ambayo ilibainika mwaka 2011 kwamba rauta huikagua kwa nusu mbili, hata majaribio 11,000 yakatosha kuipata. Kizimwe katika mipangilio.

Sasa yaje yale yanayodhaniwa kuwa kufuli.

Kila Mchagga analijua sale. Hupandwa mpakani, na anayeuona mstari wa masale hujua hapa ni kwa fulani na pale ni kwa fulani. Aliyekosa huchukua sale na kwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hukataa kwa shida. Ni mmea wenye heshima kubwa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulala mlango wazi akitegemea masale yamzuie mwizi. Masale humwonyesha mpaka mtu mwenye adabu, na mwizi hana adabu.

Kuficha jina la mtandao ni masale. Rauta inaweza kuamriwa isitangaze jina lake, na simu ya jirani haitaliona katika orodha. Lakini vifaa vya mwenye nyumba hulitaja jina hilo kila vinapojiunga, na programu za bure hulisikia. Mbaya zaidi, simu iliyozoeshwa mtandao uliofichwa huenda ikiuita kwa jina popote ilipo, hata katika basi la Moshi mjini.

Kuweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa nako ni masale, na jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa linaonekana kuwa la nguvu sana. Kila kifaa kina anwani yake, herufi na tarakimu 12 zilizopangwa kwa jozi 6, na rauta nyingi zinaweza kuamriwa zipokee zile tu zilizoorodheshwa. Je, kuna ulinzi gani zaidi ya huo? Tatizo ni kwamba anwani hiyo husafiri hewani bila ya kufichwa, hata pale ambapo mazungumzo yenyewe yamefungwa kwa fumbo. Mtu aliye njiani mwenye kompyuta huisoma, kisha huiamuru kompyuta yake ijiite hivyohivyo. Ni kama mlinzi wa mlangoni anayeuliza jina tu: atakayesema jina la mwana wa nyumba atapita.

Na masale haya siku hizi yamekuwa yakimchoma mwenyewe aliyeyapanda. Simu zenye Android 10, iliyotoka mwaka 2019, na iPhone zenye iOS 14 ya mwaka 2020, hazitoi tena anwani yao halisi. Hubuni anwani nyingine kwa ajili ya kila mtandao, ili wafanya biashara wasiwafuatilie wenye simu. Ni jambo jema kwa raia. Lakini katibu aliyeiandika anwani ya kweli katika rauta ataikuta simu yake mwenyewe ikikataliwa, atahangaika usiku kucha, na mwishowe, kwa hasira, ataizima orodha yote pamoja na neno la siri. Anayeitaka orodha hana budi kuingia katika simu na kuiamuru itumie anwani yake halisi katika mtandao wa nyumbani tu.

Je, orodha hiyo haina kazi? Inayo, ila ni kazi ya daftari na si ya kufuli. Ukurasa wa rauta huonyesha vifaa vyote vilivyoungwa wakati huo. Katibu aliyeandika katika kitabu cha kawaida kwamba nyumbani mna simu nne, kompyuta moja na televisheni moja, ataukagua ukurasa huo mara moja kwa mwezi, na akikiona kifaa cha saba atauliza. Kadhalika, kuweka saa ambazo simu za watoto hazipati mtandao ni jambo zuri kwa malezi na kwa bando. Liwekwe kwa sababu hizo, na si kwa kudhani kuwa limemzuia mwizi.

Limebaki suala lililo gumu kuliko hesabu za maneno ya siri, nalo ni la mwezi Desemba.

Krismasi inapokaribia, wana wa Kibosho walio Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hupanda nyumbani. Nyumba iliyokuwa na watu wanne huwa na watu ishirini. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na kabla ya mgeni hajavua viatu mjukuu amekwisha kuuliza neno la siri la waifai. Baada yake huuliza shemeji, kisha jirani aliyekuja kusalimu. Ni nani atakayewanyima? Katika nchi hii mtu hamnyimi jirani moto wala maji, na katibu atakayesema hapana atasemwa hadi Pasaka. Lakini neno la siri si kaa la moto, ambalo likitolewa hutumika na kuzimika. Hubaki katika simu ya aliyepewa. Tena simu nyingi za siku hizi zinaweza kuligeuza kuwa picha ya mraba yenye vidoadoa, na simu nyingine ikiipiga picha hiyo tu imekwisha kuingia. Aliyepewa mmoja amewapa kumi bila ya kutamka neno.

Mababu walikwisha kulitatua suala la namna hii katika mifongo. Maji ni ya wote, lakini hakuna anayechimba popote apendapo. Kuna mahali pa kuyatolea na kuna zamu. Rauta nyingi zina kitu kinachofanana na hicho, kiitwacho mtandao wa wageni. Huwa na jina lake na neno lake la siri, huwapeleka wageni moja kwa moja kwenye intaneti, na ukiwekwa sawasawa hauwaonyeshi kompyuta, printa wala mipangilio iliyomo upande wa nyumba. Katibu auwashe mwezi Desemba, aliandike neno lake kwenye karatasi na kulibandika sebuleni kwa maandishi makubwa, kila mtu alipate bila ya kuombaomba. Baada ya wageni kuteremka mwezi Januari, auzime. Hakuna aliyenyimwa na hakuna aliyekasirika. Kwa maoni ya mazungumzo haya, hilo moja lina thamani kuliko orodha zote za vifaa.

Pale ambapo rauta ni ndogo na haina mtandao wa wageni, mwenye uwezo atumie mbili: moja ya familia, na nyingine, hata ikiwa ya mfukoni, ya kazi za chama peke yake. Asiye na uwezo huo abadili neno la siri kila wageni wanapoondoka, na akubali usumbufu wa kuviandikia upya vifaa vya nyumbani.

Kubadili huko ndiko kunakosahauliwa pia katika vyama. Katibu anapomaliza muda wake, wawekaji saini wa benki hubadilishwa. Funguo za ghala hukabidhiwa na hati ya makabidhiano hutiwa saini. Lakini neno la siri la rauta iliyonunuliwa kwa fedha za chama huendelea kuwa lilelile, na aliyeondoka, hata awe mwaminifu kiasi gani, bado analo katika simu yake, na mwanawe analo. Hati ya makabidhiano iwe na mistari mitatu zaidi: kwamba maneno yote mawili ya siri yamebadilishwa siku hiyo, kwamba laini iliyomo katika rauta imesajiliwa kwa jina la chama na si la mtu, na kwamba orodha ya vifaa imekaguliwa. Maneno yenyewe yasiandikwe katika hati wala katika kumbukumbu za mkutano. Yaandikwe kwenye karatasi moja, yatiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha iwekwe katika sefu pamoja na vitabu vya hundi. Katibu akiugua au akifariki, mwenyekiti ataifungua mbele ya mjumbe mwingine.

Sheria za nchi zimekwisha kuandikwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa. Hapashauriwi mtu kumpeleka mtoto wa jirani mahakamani kwa sababu ya bando. Mambo hayo huisha kwa sale. Sheria iliyo nzito kwa vyama ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa inamwajibisha anayekusanya taarifa za watu kuzitunza kwa usalama. Namba ya simu ya mwanachama na jina lake ni taarifa za namna hiyo. Chama hakiwezi kujitetea kwamba mwizi alikuwa hodari, ikiwa neno la siri lilikuwa bado ni lile la kiwandani.

Na endapo orodha imekwisha kutoka, kimya hakisaidii. Wanachama waambiwe siku hiyohiyo, ghalani na makanisani baada ya ibada, kwamba chama hakimwombi mtu namba yake ya siri kwa simu kwa sababu yoyote. Namba ya tapeli itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo. Maneno ya siri ya rauta, ya barua pepe na ya mfumo yabadilishwe yote, yakianza na la mipangilio ya rauta.

Mwisho ni habari ya rauta chakavu. Ikipelekwa kwa fundi mjini au ikiuzwa, hubeba ndani yake jina la mtandao, neno la siri, na pengine laini iliyosahauliwa. Kabla haijatoka nyumbani laini itolewe, kisha tundu dogo lililo nyuma yake, lenye maandishi ya reset, libonyezwe kwa pini kwa sekunde 10 au zaidi wakati umeme ukiwamo, hadi taa zote zizimike na kuwaka tena. Atakayeinunua ataipokea kama ilivyotoka kiwandani, na itampasa aanze kazi yote upya.